Ukiandika "Habari" mahali pasipo pake

Fungua Thunderbird, programu ya barua pepe, acha kibodi ikiwa imeshika orodha ya barua, kisha andika neno "Habari" kana kwamba uko ndani ya barua mpya. H haifanyi kitu. A inaichukua barua uliyosimama juu yake na kuihamishia kumbukumbu. B inakurudisha kwenye barua iliyotangulia. A ya pili inaihamisha hiyo nayo. R inahesabu mazungumzo mazima kuwa yamesomwa. I haifanyi kitu. Salamu moja tu, na tayari barua mbili hazimo tena kwenye Inbox.

Anayeona angeona orodha inarukaruka, akaacha kuandika. Anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, husikia mada za barua zikikatizana, akadhani mashine imekwama kidogo, akaendelea hadi "ya asubuhi".

Dawa ya papo hapo ni Control+Z, ukiirudia mara kadhaa. Ikiwa umechelewa, barua hizo hazijafutwa. Ziko kwenye folda ya Archives, ndani ya folda ndogo ya mwaka. Kwa akaunti ya Gmail zitafute "All Mail".

Orodha za vitufe vya mkato vya Thunderbird zimejaa mtandaoni na hazina haja ya kunakiliwa tena hapa. Kinachowasumbua wengi wanaotumia kisoma skrini ni kutojua kibodi imeshika wapi wakati wanabonyeza. Mahali hapo tunapaita fokasi, na karibu kila ajali ya barua pepe niijuayo huanzia hapo.

Maelezo haya ni ya Thunderbird pamoja na kisoma skrini cha NVDA kwenye Windows. Vyote viwili ni vya bure, na hilo lina uzito kwa mtu aliyenunua laptopu ya mtumba pale Luthuli Avenue, Nairobi, na hana pesa nyingine ya leseni. JAWS ni kisoma skrini kizuri, lakini bila leseni hufanya kazi kwa dakika 40, kisha inakubidi uwashe kompyuta upya. Programu ya Mail iliyokuwa inakuja na Windows iliachwa na Microsoft tarehe 31 Desemba 2024, na Outlook mpya iliyochukua nafasi yake imejengwa kama ukurasa wa wavuti, kwa hiyo huwa na tabia za ukurasa wa wavuti. Kabla ya kulipia laptopu, uliza ni Windows gani. Thunderbird tangu toleo la 128 inataka Windows 10 kwenda juu, na NVDA tangu 2024.1 haikubali tena Windows 7.

Jambo moja kuhusu kibodi kwanza. Kitufe cha NVDA ni Insert, au Caps Lock ukiichagua. Laptopu nyingi za mtumba hazina vitufe vya namba upande wa kulia, kwa hiyo kwenye mipangilio ya kibodi ya NVDA chagua mpangilio wa "Laptop" na uruhusu Caps Lock. Nikitaja amri zinazotofautiana, nitatoa ile ya laptopu.

Niko wapi?

Amri mbili zinajibu swali hilo. NVDA+T husoma jina la dirisha. NVDA+Tab husoma kile ambacho fokasi imekishika sasa hivi. Dirisha la kuandikia barua huanza na neno "Write". Usipolisikia neno hilo, usiandike chochote.

Dirisha kuu lina vyumba vitatu vikuu: mti wa folda, orodha ya barua, na barua yenyewe. F6 inakuzungusha mbele, Shift+F6 inakurudisha nyuma. Kwenye orodha ya barua ndiko kwenye hatari, na hatari yenyewe inatoka kwenye mazoea mema.

Mtu aliyezoea kuvinjari wavuti kwa NVDA amefundisha vidole vyake hivi: K kiungo, T jedwali, F sehemu ya fomu, B kitufe, 1 kichwa cha ngazi ya kwanza. Ndani ya barua iliyofunguka, NVDA ikiwa katika hali ya kuvinjari, herufi hizo zinafanya kazi vilevile. Lakini kama fokasi bado iko kwenye orodha, NVDA haizishiki, inazipitisha moja kwa moja hadi Thunderbird, na huko zina maana nyingine kabisa. T inakupeleka kwenye mazungumzo mengine yenye barua mpya, na haya ya sasa inayahesabu kuwa umeyasoma. F inakwenda barua inayofuata. Namba 1 hadi 5 zinabandika lebo: 1 ni "Important", 2 ni "Work", 3 ni "Personal", 4 ni "To Do", 5 ni "Later", na 0 inabandua lebo zote. Ukikuta nusu ya Inbox yako imeandikwa "Important" na hukumbuki kuzipa uzito barua hizo, ulikuwa unatafuta vichwa vya habari.

K ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa Thunderbird, K ina maana ya "yapuuze mazungumzo haya". Barua inatoweka kwenye orodha bila swali lolote, na majibu yatakayokuja baadaye yanatoweka pamoja nayo. Hazimo kwenye Trash, hazimo kwenye Archives, hata ukitafuta mwaka mzima. Ili kuzirudisha, bonyeza Alt+V kufungua menyu ya "View", nenda "Threads", kisha washa "Ignored Threads". Barua itajitokeza. Simama juu yake, bonyeza K tena, na kupuuzwa kumeondoka. Ukishamaliza, rudisha menyu ilivyokuwa.

Ajali hiyohiyo hutokea hata ukiwa ndani ya barua, endapo ulibonyeza NVDA+Space bila kukusudia ukatoka kwenye hali ya kuvinjari. Amri hiyo hutoa mlio mfupi, na milio ya kuingia na kutoka haifanani. Isikilize mara kumi mfululizo siku ukiwa na nafasi hadi masikio yazitofautishe. Kwenye matatu yenye muziki hutasikia mlio huo, kwa hiyo kwenye matatu soma tu, usipange barua.

Kwa anayetaka kuziba tundu hili kabisa, kuna nyongeza ya Thunderbird iitwayo tbkeys-lite inayoweza kuzima vitufe vya herufi moja moja. Kwenye mipangilio yake unaandika herufi na mbele yake neno "unset". Angalia kwanza kama toleo lake linakubaliana na Thunderbird yako, na ufute orodha inayokuja nayo kabla ya kuandika yako, kwani nayo inazipa herufi kazi nyingine ambazo hukuziomba.

Punguza vyumba

Kadiri dirisha lilivyo na sehemu chache, ndivyo F6 inavyokuwa na njia chache za kukupoteza. Bonyeza F8 ukiwa kwenye orodha. Chumba cha tatu, kile cha kuonyesha barua, kinafungwa. Kuanzia hapo vyumba vikuu vya F6 ni folda na orodha tu, na barua haifunguki mpaka ubonyeze Enter. Faida nyingine ni kwamba kupita juu ya barua kwa mishale hakuihesabu kuwa imesomwa.

Kisha fungua "Tools", "Settings", sehemu ya "General", ushuke hadi "Reading & Display". Pale panapouliza barua zifunguliwe wapi, chagua dirisha jipya badala ya kichupo. Hili wengine watalibishia, kwani vichupo ni vya kisasa na ukiwa na vichupo unahama kwa Control+Tab. Mimi nasema dirisha jipya, kwa sababu moja: NVDA+T inakupa jibu safi, fokasi inaangukia ndani ya barua, usomaji unaanza wenyewe, na Control+W inakurudisha kwenye orodha palepale ulipokuwa. Hakuna njia panda.

Zima pia minyororo ya mazungumzo. Kwenye "View", "Sort By", chagua "Unthreaded". Mnyororo uliofungwa husikika kama barua moja, lakini ukiufanyia jambo unazifanyia barua zote zilizo ndani. Ukibonyeza Delete, Thunderbird huuliza kwanza. Ukibonyeza A haiulizi, inabeba zote kumi na saba za kikao cha chama.

Orodha yenyewe inaweza kupangwa kama kadi au kama jedwali. Kitufe cha kubadilisha kiko juu ya orodha, unakifikia kwa Shift+Tab. Chagua jedwali, "Table View", kwa kuwa jedwali unaweza kulipunguza safu. Bila kupunguza, NVDA hukusomea mstari mrefu: nyota, kiambatisho, mada, kusomwa, mtumaji, taka, tarehe, na wakati mwingine mtumaji ndiye uliyekuwa unamtaka tangu mwanzo. Kwenye vichwa vya safu kuna kitufe cha kuchagua safu. Bakisha mtumaji, mada, tarehe, hali ya kusomwa na kiambatisho. Nyingine zote toa alama. Menyu hiyohiyo ina amri ya kuzipeleka safu hizo kwenye folda nyingine zote za akaunti, la sivyo utafanya kazi hii folda kwa folda hadi uchoke.

Kuhusu matoleo: pakua lile la ESR (Extended Support Release, yaani toleo la muda mrefu). Hupata marekebisho ya usalama kama mengine, lakini sura yake haibadiliki kila mwezi. Badiliko lililoletwa na toleo la 115 mwaka 2023 liliwahamisha watu vitu vingi kwa mpigo, na anayetegemea kumbukumbu ya vidole hahitaji mshangao wa namna hiyo mara kwa mara.

Barua zenye mapambo

Barua ya mtu kwa mtu haina shida. Shida ni za benki, maduka na majarida: jedwali ndani ya jedwali, picha zisizo na maelezo, na NVDA inakuambia "jedwali lenye safu moja na mistari sita" kabla hujafika kwenye neno la kwanza la maana. Thunderbird ina dawa yake. Kwenye "View" tafuta "Message Body As". Kuna "Original HTML", ambayo ni mapambo yote. Kuna "Simple HTML", ambayo inaacha vichwa na viungo lakini inaondoa urembo mwingi. Na kuna "Plain Text", maandishi matupu. "Plain Text" ni tulivu kuliko zote, ila barua ya matangazo itakumwagia anwani za viungo zenye herufi mia mbili moja baada ya nyingine. Kwa kila siku "Simple HTML" inatosha, na "Plain Text" iwe ya barua zilizokushinda.

Juu ya barua nyingi utakuta tangazo kwamba picha za mbali zimezuiwa. Ziache zizuiwe. Huzihitaji, zinakula bando, na nyingine zimewekwa kumwarifu mtumaji kwamba umefungua.

Matapeli wanahitaji uangalifu wa pekee, maana jicho linalogundua nembo iliyopinda sisi hatunalo. Usiamini jina la mtumaji peke yake, sikiliza anwani. Ukiwa ndani ya barua, Shift+Tab inakupeleka kwenye vichwa vyake, mtumaji akiwemo. Ukiona linasomwa jina tupu kwa sababu mtu huyo yumo kwenye kitabu chako cha anwani, kuna mpangilio wa kuonyesha jina tu, uondoe alama. Kwa kiungo, simama juu yake ubonyeze NVDA+K. NVDA itakusomea kiungo kinaelekea wapi hasa. Kiungo kinachosema "Ingia kwenye akaunti yako" na kinaelekea kwenye anwani usiyoijua, hicho hakina mjadala.

Sauti inayojua "wake" ni nini

NVDA inakuja na eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, na eSpeak NG ina sauti ya Kiswahili. Si tamu, inasikika kama redio iliyoloa maji, lakini inajua kwamba "mtoto wake" si mtoto aliyeamshwa na kwamba "pole sana" haihusu mlingoti. Sauti ya Kiingereza haijui hayo. Namba nazo husomwa kwa Kiswahili, kwa hiyo 2,500 ni elfu mbili mia tano.

Tatizo ni upande wa pili. Menyu za Thunderbird ziko kwa Kiingereza, na sauti ya Kiswahili inazisoma kwa Kiswahili. "File" inakuwa fi-le. "Delete" inakuwa de-le-te. Baada ya wiki moja utazoea na hata utaanza kuziita hivyo. Usitegemee NVDA ibadilishe lugha yenyewe, kwani uwezo huo unategemea barua kutaja lugha yake ndani ya msimbo, na barua za watu hazitaji.

Njia nzuri ni wasifu wa mipangilio. Bonyeza NVDA+Control+P, tengeneza wasifu mpya wa kuwashwa kwa mkono, uupe jina "Kiswahili", kisha ukiwa umewashwa nenda kwenye mipangilio ya sauti kwa NVDA+Control+V na uchague sauti ya Kiswahili, punguza na kasi kidogo. Halafu fungua "Input Gestures" kwenye menyu ya NVDA, tafuta kundi la wasifu, na uupe kitufe chake. Kitufe hicho kinakuwa swichi: barua ya shangazi kutoka Voi kwa Kiswahili, barua ya ofisi kwa Kiingereza. Kwa Sheng hakuna sauti iliyowahi kuiweza, na huenda ni afadhali.

Kuna jambo jingine la Kiswahili ambalo huwafanya watu wafikiri NVDA imeharibika. Ukiandika barua kwa Kiswahili, kila neno linafuatwa na mlio wa kukoroma. Thunderbird inakagua tahajia kwa kamusi ya Kiingereza wakati unaandika, na kwake "ninakuandikia" ni kosa. NVDA inaripoti kwa uaminifu. Ukirudi kusoma ulichoandika, inataja kosa la tahajia mbele ya kila neno hadi sentensi inapotea. Unaweza kuzima ukaguzi wa papo hapo ndani ya Thunderbird, kwenye sehemu ya "Composition" ya mipangilio. Au uzime upande wa NVDA: mlio uko kwenye mipangilio ya kibodi, na kutajwa kwa makosa kuko kwenye NVDA+Control+D. Ukivizima ukiwa ndani ya wasifu wa "Kiswahili", mlio unazimika kwa Kiswahili tu na Kiingereza chako kinaendelea kukaguliwa.

Kuandika na kutuma

Control+N inafungua barua mpya na fokasi iko kwenye sehemu ya mpokeaji. Hapa watu huharakisha. Ukiandika "Wan", Thunderbird inapendekeza Wanjiku, Wanyama na Wangari, na ukibonyeza Tab bila kusikiliza, inachukua pendekezo la kwanza. Shuka kwa mshale, sikia jina pamoja na anwani, ndipo ubonyeze Enter. Kabla ya kwenda kwenye mada, bonyeza mshale wa kushoto urudi kwenye majina yaliyokwisha kuwekwa. NVDA inalisoma moja moja, na Delete inaliondoa lililoingia kwa makosa. Kwa kumbukumbu za kikao cha chama, Control+Shift+B inafungua sehemu ya wapokeaji wa siri, ili anwani za wanachama thelathini zisizungushwe kwa kila mtu.

Ukijibu kwa Control+R, huenda kielekezi kikaangukia chini kabisa ya maneno yaliyonukuliwa. Anayefungua jibu lako kwa kisoma skrini atasikiliza barua yake mwenyewe yote kabla ya kufika kwako. Kwenye "Account Settings", sehemu ya "Composition & Addressing", chagua jibu lianze juu ya nukuu. Kila akaunti ina mpangilio wake.

Kiambatisho ni Control+Shift+A. Thunderbird ina tabia nzuri ya kukukumbusha ukisema umeambatisha na hujaambatisha, lakini maneno inayoyatafuta ni ya Kiingereza. Nenda "Settings", "Composition", tafuta ukaguzi wa viambatisho, bonyeza "Keywords", uongeze ya kwako. Hutafuta neno zima, na Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, kwa hiyo "ambatisha" peke yake haitanasa kitu. Andika maumbo unayoyatumia: nimeambatisha, nimeambatanisha, tumeambatanisha, kiambatisho, viambatisho. Ukisahau faili, Control+Enter italeta dirisha la kuuliza badala ya kutuma.

Gmail inakubali MB 25 kwa barua, lakini faili likisafiri kwa barua pepe hunenepa kwa takriban theluthi moja. Faili la MB 18 ndilo la mwisho kupita bila wasiwasi.

Barua "zilizopotea"

Control+Shift+K hupeleka fokasi kwenye kichujio cha haraka. Andika jina au neno, rudi kwenye orodha, na zimebaki barua zenye neno hilo tu. Ni chombo bora kuliko utafutaji mkuu wa Control+K, ambao matokeo yake huja kwenye ukurasa wenye vikolombwezo vingi. Ila kichujio hakijifuti. Ukikisahau, utarudi baada ya chakula cha mchana ukute Inbox ina barua tatu na moyo upige. Rudi Control+Shift+K, bonyeza Escape, na zote zinarejea. Zisiporejea, angalia "View", "Threads", kama imekaa kwenye "Unread" badala ya "All".

Wakati mwingine NVDA inanyamaza kabisa juu ya orodha iliyojaa. Alt+Tab uondoke, Alt+Tab urudi. Ikigoma, Control+Alt+N inaiwasha NVDA upya bila kugusa barua uliyokuwa unaandika.

Bando na stima

Thunderbird hupakua barua zote za akaunti isipoambiwa vinginevyo. Ukiunganisha Gmail ya miaka kumi kwa bando la GB 1, bando litaisha kabla ya barua. Mara tu akaunti ikiingia, nenda "Account Settings", "Synchronization & Storage". Weka ipakue za siku 30 za karibuni tu, na isipakue zilizozidi ukubwa fulani. Barua kubwa utaiita mwenyewe ukiifungua. Kwa Gmail, toa pia folda ya "All Mail" kwenye upakuaji, maana imebeba kila kitu tangu akaunti ilipofunguliwa: Shift+F10 juu ya folda, "Properties", kichupo cha "Synchronization", ondoa alama. Ukaguzi wa barua mpya kila dakika 10 unaweza kuwa kila 30.

Mtandao ukikatika, andika kama kawaida na ubonyeze Control+Shift+Enter. Barua inakaa Outbox, na mtandao ukirudi unaituma kwa "File", "Send Unsent Messages". Kwa stima, rasimu hujihifadhi kila dakika 5. Ipunguze iwe 1 kwenye "Composition", hasa kama betri ya laptopu ya mtumba ni pambo tu.

Viambatisho visivyosomeka

Ukiwa ndani ya barua, njia isiyopoteza mtu ni Alt+F, kisha "Attachments". Kila faili lina menyu yake ya kufungua na kuhifadhi. PDF hufunguka ndani ya Thunderbird yenyewe. Taarifa ya M-PESA inayokuja kwa barua pepe itadai kwanza namba ya siri iliyotumwa kwa SMS, kwa hiyo simu iwe mkononi.

PDF iliyopigwa picha ni habari nyingine. NVDA inasema hati ni tupu, au inataja namba za kurasa tu. Hapo bonyeza NVDA+R, ambayo huifanya Windows isome maandishi kwenye picha. Mambo matatu huiharibu. Kwanza, inasoma kinachoonekana kwenye skrini tu, kwa hiyo ni ukurasa kwa ukurasa: soma, Escape, Page Down, NVDA+R tena. Pili, maandishi yakiwa madogo yanasomwa ovyo, kuza kwa Control na alama ya kujumlisha. Tatu, pazia la skrini (mpangilio wa NVDA unaoifanya skrini iwe nyeusi) likiwa limewashwa haifanyi kazi, kwani hakuna picha ya kusoma. Lugha ya utambuzi iache Kiingereza, herufi zetu ni zilezile. Majedwali yatavurugika, na mhuri uliopigwa juu ya tarehe utaila tarehe.

Ikiwa hati ni ya maana, kama barua ya kazi au zabuni, usibahatishe. Jibu kwa Control+R na uombe: "Natumia kisoma skrini. Hati mliyotuma ni picha na haisomeki. Naomba nakala ya Word, au PDF iliyohifadhiwa moja kwa moja kutoka Word." Ofisi ya umma ikisita, ongeza mstari mmoja unaotaja kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachompa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Mara nyingi faili la Word lilikuwapo kwenye kompyuta yao muda wote. Mtu alilichapa, akalipiga muhuri, akalipiga picha, akatuma.